Jaji Aliyeomba Kura

Nilipokutana na yule mama kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mwanawe, katika chumba cha kungojea upasuaji, na mimi ndiye niliyetumwa kumwambia kwamba sahihi yake haitoshi tena.

Nilikuwa nesi katika hospitali moja mjini Houston, Texas. Mimi na mume wangu, wote Wakenya, tuliishi Katy, nje kidogo ya mji, na kila asubuhi niliondoka mapema ili niingie mjini kabla barabara haijajaa. Wakubwa wangu walijua nasema Kiswahili, kwa hiyo mgonjwa yeyote aliyeonekana kutoka upande wetu wa dunia alipofika, niliitwa. Mara nyingine nilimkuta mtu wa Eritrea au wa Ghana, tukabaki kutazamana na kucheka. Siku ile walipatia. Mama alikuwa Mrundi aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kilinishinda mimi.

Kijana wake alikuwa amekuja kung'olewa meno yaliyooza. Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya kwenye kiti cha daktari wa meno, lakini yeye asingekubali mtu amtie mkono mdomoni, ndiyo maana ilibidi apigwe nusu kaputi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na akili yake ilikuwa ya mtoto mdogo. Maneno aliyoyajua yalikuwa machache. Mama yake alimwogesha na kumvisha, na tangu wafike Amerika alikuwa amesaini kila kitu kwa niaba yake. Wiki ile kijana alikuwa ametimiza miaka kumi na minane.

"Mama," nilimwambia, "kwa sheria ya hapa, huyu sasa ni mtu mzima. Anatakiwa asaini mwenyewe."

Alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa akifungua na kufunga zipu ya koti la mama yake, juu na chini, bila kuchoka.

"Asaini nini, sista? Huyu hata kijiko anakishika kinyume."

"Najua, mama."

"Basi atasaini nani?"

"Mtu atakayeteuliwa na mahakama."

"Mahakama?" Alivuta kiti akakaa. "Kwani amefanya kosa gani?"

Upasuaji uliahirishwa. Kijana akarudi nyumbani na dawa za maumivu na meno yake yale yale.

Ningeweza kuishia hapo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, na nilikuwa nimetafsiri. Lakini mama aliniomba namba ya simu mbele ya daktari, na niliona haya kukataa. Siku chache baadaye alinipigia. Mtu wa ustawi wa jamii pale hospitalini alikuwa amemtafutia wakili wa kujitolea, na mama alitaka niwepo watakapozungumza. Alifanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja, kwa hiyo tulikutana siku yake ya mapumziko, nyumbani kwake, kusini-magharibi mwa mji, ghorofa ya pili katika majengo yaliyojaa watu wa kila nchi.

Wakili alikuwa binti mdogo aliyezungumza haraka kisha akaomba radhi kwa kuzungumza haraka. Alieleza, nami nikatafsiri: mama ndiye mwombaji. Na kwa kuwa anaiomba mahakama imwondolee mtu mzima haki zake, mahakama itampa kijana wakili wake mwenyewe wa kumtetea.

"Kumtetea asidhuriwe na nani?" mama aliuliza.

Nilimgeukia wakili. Alijibu kwa sauti ya chini. Nikamwambia mama: "Na wewe."

Nilidhani angekasirika. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Haya," akasema. "Miaka yote hii nimemtetea peke yangu. Waje tusaidiane."

Mahakama ilimtuma pia mkaguzi kuangalia kijana anaishije. Alikuja mwanamke mmoja mpole, akaona kitanda, akaona dawa, akafungua friji. Mama alikuwa amempikia ndizi na maharage. Mgeni akashukuru, akasema kazi yake haimruhusu kula. Baada ya hapo mama hakupata usingizi mzuri, kwa sababu kwao mtu anayekataa chakula chako ana neno moyoni.

Mwishoni mwa Agosti ikanyesha ile mvua ambayo kila aliyekuwa Houston mwaka ule anaijua. Barabara zikawa mito, ofisi zikafungwa, na tarehe ya kesi ikasogezwa mbele. Maji yalijaa katika nyumba za chini za jengo la mama. Yeye akakaribisha majirani juu. Katika kipindi hicho hicho cha kungoja, majaji wa Kenya wakafuta uchaguzi wa rais. Marafiki walijaa sebuleni kwetu, nusu wakishangilia na nusu wamenuna, na kwa majuma kadhaa hatukuwa na habari nyingine ila majaji. Mtu aliyekuwa hajawahi kukanyaga mahakamani alikuwa na maoni juu ya kila mmoja wao. Majaji wa kaunti tuliyokuwa tunaishi hawakutajwa. Sidhani kama kati yetu kulikuwa na aliyejua jina la hata mmoja.

Kesi ilisikilizwa majira ya baridi yalipokaribia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotazamia. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi zenye mvi na miwani iliyoning'inia kifuani. Mkalimani alikuwa Mkongomani aliyevaa suti nzito, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa kidogo pembeni, lakini walielewana na mama vizuri. Mimi nilikaa nyuma, niitwe kama shahidi ikihitajika. Sikuitwa.

Jaji aliuliza kama mama anaomba kuwa mlezi wa kijana huyu. Mkalimani akatafsiri. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana."

Wakili wake akageuka ghafla. Jaji akangoja.

"Mimi si mlezi," mama akasema. "Mlezi ni wa mtoto aliyefiwa na mama yake. Huyu nimemzaa mimi. Nilimbeba mgongoni kutoka Burundi, nikaingia naye Tanzania kwa miguu. Sasa niombe kuwa mlezi wake? Naomba nibaki nilivyo."

Mkalimani alitafsiri yote, taratibu, na mwisho akaongeza kwamba neno lenyewe ndilo lenye tatizo. Jaji akavua miwani aliyokuwa ameivaa kusomea.

"Mwambie," alisema, "mahakama haiwezi kumpa umama, wala haiwezi kumnyang'anya. Lakini nje ya chumba hiki kuna watu wa hospitali, wa benki, wa serikali, ambao hawatamsikiliza bila karatasi. Ninachoombwa hapa ni hiyo karatasi."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kama ni karatasi ya hao," akasema, "nakubali."

Kisha jaji akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Alishuka kutoka kitini pake, akavuta kiti, akakaa mbele ya kijana. Alimsalimia. Kijana hakumjibu. Alikuwa ameona kwamba joho jeusi la jaji lina zipu ndefu mbele. Akanyoosha mkono, akaishika, akaishusha. Askari wa mahakama akapiga hatua moja; jaji akainua kiganja, askari akasimama. Maswali yaliyobaki jaji aliyauliza akiwa amekaa pale pale, huku kijana akipandisha na kushusha zipu ya joho lake kama alivyofanya kwa koti la mama yake. Mama aliona aibu, akajaribu kumvuta mkono. Jaji akamwambia kwa ishara amwache.

Kulikuwa na jambo moja ambalo, kwa sheria ya jimbo lile, jaji alipaswa kuliamua waziwazi, nalo ni kura. Wakili wa kijana, mzee mtaratibu, alisema amemtembelea mteja wake na hakuona dalili kwamba anaelewa kupiga kura ni nini. Jaji akamuuliza mama: siku moja akipelekwa kituoni, ataelewa anachofanya?

"Atafurahia foleni," mama alisema. "Anapenda watu." Halafu akamtazama mwanawe. "Hapana. Hataelewa."

"Basi ninamwondolea haki hiyo," jaji alisema. "Sipendi kuiondoa kwa mtu yeyote, lakini ninaiondoa."

Mama akala kiapo cha ulezi, ikawa imekwisha. Katika korido alimuuliza wakili wake kama anaweza kumletea jaji zawadi kidogo, hata unga wa muhogo. Wakili akashtuka: jaji haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mtu mwenye kesi kwake. Mama akaridhika. Alisema jaji asiyepokea unga ni jaji kweli. Meno ya kijana yaling'olewa kabla ya Krismasi, na kuanzia hapo, mama aliniambia, jina la jaji likaingia katika sala ya jioni nyumbani kwake, baada ya majina ya marehemu. Alilitamka kwa namna yake, r na l zikibadilishana nafasi.

Mwaka uliofuata mama akawa raia. Alikuwa amejifunza maswali ya mtihani wa uraia huku akitandika vitanda vya wageni, na siku ya kiapo nilimwona akiimba wimbo wa taifa hili bila kujua nusu ya maneno, kama mimi nilivyoimba miaka michache kabla yake.

Vuli ilipofika, nilikuwa ninampeleka kliniki na kijana wake. Kwenye njia panda nyasi zilikuwa zimefunikwa na vibao vya wagombea, vimesongamana kama mahindi. Taa ilikuwa nyekundu. Mama akagusa kioo.

"Lile si jina la jaji?"

Lilikuwa lenyewe, kwa herufi kubwa.

"Amefanya nini mpaka wakambandika barabarani?"

"Anaomba kura."

"Jaji anaomba kura? Kwa nani?"

"Kwa watu wa kaunti. Kwako."

Taa ikawa kijani. Aligeuka kukitazama kile kibao mpaka kikapotea nyuma yetu. "Na yule aliyeshindwa kesi kwake, naye anapiga?"

"Naye pia."

"Basi ni kazi ngumu," akasema.

Nyumbani nilimhadithia mume wangu. Alikuwa akikaanga mayai. Wakati ule mpiga kura wa Texas aliweza kuchagua chama mara moja, na wagombea wote wa chama hicho, kutoka seneta hadi jaji wa mwisho, wakapata kura yake. Katika kundi letu la simu la Wakenya ushauri ulikuwa ukizunguka: bonyeza chama, maliza, rudi kazini.

"Mimi nita-press moja tu," mume wangu alisema. "Ile karatasi ina majaji kama orodha ya waalikwa wa harusi. Nani ana muda wa kusoma?"

"Yule jaji yuko chama kile kingine."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ukibonyeza, unamwangusha."

Aligeuza yai. "Mimi simwangushi yeye. Naangusha chama chake. Yeye yuko tu ndani ya gari." Kisha akasema, "Ajabu, sivyo? Kwetu jaji anafuta uchaguzi. Huku uchaguzi unafuta jaji." Tukacheka, tukala. Hakubadili nia, na sikumsihi.

Upigaji kura wa mapema ulipofunguliwa, siku kadhaa kabla ya uchaguzi wenyewe, nilimpitia mama. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kijana alikuwa naye, kwa kuwa dada yake mdogo, binti wa pili wa mama, alikuwa shuleni na hapakuwa na wa kumwachia. Foleni ilitoka nje ya ukumbi ikazunguka jengo. Kijana aliifurahia kama mama yake alivyotabiri. Alisalimia kila mtu kwa kumgusa bega, na wengi wakamjibu. Mlangoni msimamizi mmoja mzee alimuuliza kwa tabasamu kama naye anapiga kura leo.

"No," mama akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti iliyonyooka. "Judge say no."

Msimamizi akatupisha.

Orodha ya wagombea ilikuwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Mama alikuwa na haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka, mradi mtu huyo aape. Nikainua mkono wa kulia. Niliapa kwamba sitamshawishi kwa neno wala kwa ishara, kwamba nitamsomea, nitajibu maswali yake, na nitafanya anachoniagiza. Kisha tukasimama mbele ya mashine, ambayo ilikuwa na gurudumu dogo la kuzungusha na kitufe cha kuthibitisha.

"Hapa mwanzo," nilimwambia, "unaweza kuchagua chama kizima kwa mara moja."

"Wewe ulichagua kipi?"

"Nimeapa, mama."

"Ndiyo. Samahani." Akafikiri. "Pita. Nisomee watu."

Nikamsomea watu. Sijawahi kusoma majina mengi kiasi kile bila kupumzika. Vyeo vikubwa alivijua, akaamua upesi, mara chama hiki, mara kile. Tulipofika kwa majaji, alisikiliza kila jina na kusema, "Simjui. Pita." Msimamizi alikuja kuuliza kama tuna tatizo. Tukasema hapana. Kijana alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu yetu. Majaji walifuatana, skrini baada ya skrini, na nilihisi sauti yangu ikibadilika nilipoliona jina lile likikaribia, nikajitahidi kuisoma skrini nzima kwa sauti moja. Nilipolitamka, mama alinishika mkono.

"Huyo."

Nikazungusha gurudumu, nikabonyeza. Waliobaki akawapita wote.

Mimi nilikuwa nimepiga yangu siku mbili kabla. Chama changu kilikuwa kama cha mume wangu, lakini nilikuwa nimeshuka jina kwa jina, na pale nilipofika kwa jaji yule nikavuka kwenda upande wa pili.

Alishindwa. Katika kaunti yetu, majaji wa chama chake walianguka karibu wote siku moja, wazuri na wabaya, wenye miaka mingi kitini na wenye michache. Mama alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa amesikia kwenye televisheni ya chumba alichokuwa akisafisha.

"Alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, mama."

"Aliiba?"

"Hapana. Watu walichagua upande, naye alikuwa upande mwingine."

"Dada," akasema, "mimi nilikimbia Burundi kwa sababu ya pande. Hawakuuliza huyu ni mtu wa namna gani. Waliuliza ni wa upande gani."

"Hapa hawamfanyi kitu," nilimwambia. "Anakusanya vitabu vyake, anarudi nyumbani, anatafuta kazi nyingine."

"Na watoto wake?"

"Wako salama."

"Na atakayekuja hatamfuata?"

"Hatamfuata."

"Basi ni afadhali," akasema, na akarudi kwenye vitanda vyake.

Hofu yake iliyofuata ilikuwa kwamba karatasi ya jaji itaondoka na jaji. Nilimweleza kwamba hukumu ni ya mahakama. Alinisikiliza kwa adabu na hakuniamini. Mwezi wa Januari tulikwenda pamoja, yeye, kijana na mimi, tukakaa benchi la nyuma katika kile chumba kidogo, ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Jaji mpya alikuwa kijana kuliko yule wa kwanza. Hakushuka kitini. Alikuwa akisikiliza habari za mzee mmoja aliyesahau jina la mkewe, na mke alikuwepo, akilia. Jaji alimngoja amalize kulia, halafu akauliza swali lake tena, kwa upole. Mama alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu naye anangoja," alininong'oneza. Tukatoka.

Wiki kadhaa baadaye alinipigia na swali. "Yule wa kwanza sasa si jaji. Anaruhusiwa kupokea unga?"

Nilimuuliza yule wakili wa kujitolea, naye akacheka, akasema haoni kizuizi. Jaji wa zamani alikuwa amefungua ofisi ndogo ya uwakili, juu ya duka la miwani. Tulipanda ngazi na unga wa muhogo, samaki wakavu na kijana. Alitupokea vizuri, bila joho, amevaa sweta. Mama alimshukuru kwa maneno marefu, nami nikatafsiri. Jaji alisikiliza, akashukuru, akamuuliza kijana hali yake, na mimi nilipoyataja meno, akauliza yaliendaje. Niliona wazi kwamba alikuwa ametusahau. Alikuwa amesikiliza watu wengi mno. Aliupokea unga kwa mikono miwili na kuuliza unapikwaje, na mama akamwelekeza kwa vitendo, akikoroga hewa kwa mwiko usiokuwepo.

Katika gari, tulipoingia barabara kuu, mama ndiye aliyeanza.

"Hakutukumbuka," alisema.

"Hakutukumbuka."

"Kumbe hakutufanyia vile kwa kuwa anatujua."

Nilimtazama kama amehuzunika. Alikuwa akimfungia kijana mkanda wa kiti uliolegea. Hakuonekana mwenye huzuni.

Mwaka wa ugonjwa wa korona ulipofika, nilikuwa na kazi iliyozidi nguvu, na tuliongea kwa simu tu. Sheria ilikuwa imebadilika. Kuchagua chama kizima kwa kitufe kimoja kulikuwa kumeondolewa Texas. Mama alipiga kura na binti yake, ambaye alikuwa ametimiza umri wa kupiga kura, na aliniambia binti alimsomea haraka mno, tena kwa Kiingereza, akamrudisha mwanzo.

Mimi na mume wangu tulipiga ndani ya gari. Mwaka ule walikuwa wametandaza hema kwenye maegesho, unaingia na gari lako, mtu aliyevaa barakoa anakupitishia mashine dirishani. Mume wangu alianza kwa haraka, kisha akafika kwa majaji, akapunguza mwendo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Sijui."

"Na huyu?"

"Huyo pia simjui."

Alikuna kidevu juu ya barakoa. Nyuma yetu magari yalikuwa yamepanga mstari mpaka barabarani. Wengine akawachagua kwa chama, wengine akawaacha wazi. Mashine ilipofika kwangu nilijaza wote, ingawa sikuwa nimekaa katika chumba cha hata mmoja wao. Sijui hadi leo nani kati yetu alifanya vizuri zaidi. Tulirudisha mashine dirishani, tukashukuru, na mume wangu akawasha gari.